Anti, mkono unakufa ganzi, presha imeanza kupanda na bado nadaiwa pea tisa za soksi

Anti shikamoo,

Naomba unisaidie mawazo maana mi nimefika mahali sijielewi. Nina miaka 34, nimeolewa, kazi yangu ni uhasibu na kwa kweli kazi yenyewe naipenda ila ni nyingi, kila mwisho wa mwezi tunafunga hesabu na zile siku tano sita kutoka ofisini saa tatu usiku ni kawaida kabisa, siku zingine natoka saa kumi na mbili jioni nikiwa na laptopu begani kwa sababu kuna meseji za bosi zitakuja tu usiku.

Sasa miaka miwili iliyopita mama yangu alilazwa, nikawa nakaa naye jioni wodini, kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mtu mzima anafuma soksi kwa zile sindano tano fupi, mi nikawa namwangalia tu, siku ya tatu akaniambia njoo nikuonyeshe. Yule mama alinifundisha kila kitu anti, kuanzisha stichi, vile vitanzi vya uzi, lastiki ya juu, kugeuza kisigino, mpaka kufunga vidoleni. Pea yangu ya kwanza nilimfumia mama na aliivaa mpaka kisigino kikatoboka akanirudishia nizibe. Tangu hapo sijaacha. Nikishika sindano kichwa kinanyamaza, sijui nielezeje, zile namba za mchana zote zinaondoka nabaki na uzi tu. Ni saa moja kwa siku ambayo hakuna mtu ananiomba kitu.

Tatizo limeanza pale nilipovaa soksi zangu ofisini. Mmoja akaziona akasema nifumie na mimi, nikasema sawa, akaja wa pili, wa tatu, mkuu wa kitengo naye akataka za mtoto wake mchanga na za mkewe, na mi kusema hapana siwezi. Hela sichukui, wananiletea uzi tu. Sasa hivi nina listi ya pea tisa nimeahidi na wengine wananiuliza kila wiki imefikia wapi. Kwa hiyo nafuma mpaka saa sita usiku, nasema raundi moja tu ya kuzunguka soksi nilale, nikija kuangalia saa masaa mawili yameenda.

Mazoezi ndo yamekufa. Zamani nilikuwa nakimbia na rafiki yangu mara tatu kwa wiki saa kumi na moja na nusu alfajiri, huu mwezi wa tano sijaenda hata siku moja kwa sababu siamki, na yeye amechoka kunisubiri. Nikapanda ngazi ghorofa tatu juzi nikasimama katikati kupumua. Halafu nilienda kupima afya ya kawaida tu daktari akasema presha imeanza kupanda kidogo, bado sio ya dawa, akaniambia nitembee na nirudi baada ya miezi mitatu. Mwezi mmoja umeshaisha. Nilijaribu ratiba, saa moja jioni mazoezi, saa mbili soksi, nikaibandika kwenye friji, ilidumu siku nne. Nikajaribu pia kufanya pushapu na planki chumbani asubuhi ila kifundo cha mkono kikawa kinauma, kidole gumba cha kulia chini kwenye shina lake kinavuta, na wiki mbili hizi usiku naamka vidole vimekufa ganzi mpaka nikung'ute mkono.

Mume wangu anasema acha hizo soksi utapata muda wa kila kitu. Hasemi kwa ubaya, anaona navyochoka. Lakini anti nikifikiria kuziacha nataka kulia. Na kitu kinachoniuma zaidi, kwenye mkoba kuna soksi moja ya kaka yangu, mguu wa kushoto umekamilika, wa kulia haujaanzwa, miezi minne sasa, birthday yake imepita na sijampa.

Niache? Au kuna namna ya kugawa muda ambayo mi siioni?

Mdogo wako, Mguu wa Kushoto

*

Marahaba mwanangu, pole, na pole na mama pia, natumaini amepata nafuu.

Usiache soksi. Nakwambia mapema ili usome yaliyobaki bila hofu. Ila naanza na mkono, kwa sababu umeutaja kwenye mstari mmoja mwishoni kama kitu kidogo na mimi ndo kitu kilichonishtua kuliko vyote kwenye barua yako.

Angalia siku yako. Masaa nane au kumi mkono uko kwenye kibodi na mausi. Jioni mkono huohuo unabana sindano za milimita mbili na nusu masaa matatu manne, tena sindano nyembamba tunazibana kwa nguvu kuliko nene. Asubuhi unaupa pushapu na planki, yaani uzito wa mwili wote unaangukia kwenye kifundo kilichokunjwa. Kwenye akili yako hivyo ni vitu vitatu tofauti, kazi, hobi na mazoezi, kila kimoja na saa yake kwenye friji, lakini kwa kifundo cha mkono ni kazi moja isiyo na mapumziko. Ndo maana ratiba yako isingekusaidia hata ungeifuata mwaka mzima.

Ganzi ya usiku inayokufanya ukung'ute mkono mara nyingi inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa pale unapopita kwenye kinjia chembamba cha kifundo, na ule uvutaji wa shina la kidole gumba mara nyingi ni kano zake zimechoka na kuvimba kwenye ala yake. Mimi sio daktari na sikuoni, kwa hiyo rudi kwa aliyekupima presha wiki hii, usingoje ile miezi mitatu, mweleze ganzi inakuja saa ngapi na kwenye vidole vipi, kwa sababu ganzi ya gumba, cha shahada na cha kati inaashiria jambo tofauti na ya kidole kidogo. Wakati unasubiri, sindano ziweke chini wiki mbili. Ndio, wiki mbili nzima. Najua ni ngumu na sikwambii kirahisi, lakini mkono ukiharibika vibaya tutakuwa tunazungumzia miezi, na hapo hata kazi ya ofisi inaingia mashakani.

Sasa tuje kwenye soksi zenyewe. Wewe ni mhasibu, tupige hesabu pamoja. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba ni kama stichi 64 kwa raundi, 16 kwenye kila sindano na ya tano ndo inafanya kazi. Ukijumlisha shingo ya soksi, kisigino na wayo unapata kama stichi elfu 10 kwa mguu mmoja, elfu 20 kwa pea. Tuseme unafuma stichi 30 kwa dakika bila kusimama, bila kukosea, bila kuangalia simu, hiyo ni zaidi ya masaa 11 kwa pea. Mara tisa, ni kama masaa 100. Zile za mtoto zitapunguza kidogo, sawa, lakini makosa na kufumua yatarudisha palepale. Masaa 100 ni wiki mbili na nusu za ajira ya masaa 40. Umechukua ajira ya pili mwanangu, isiyo na mshahara wala likizo, na wenye kazi wanakuuliza kila wiki imefikia wapi.

Ndo maana nilivyosoma pale unaposema ni saa moja ambayo hakuna mtu anakuomba kitu nilirudia mara mbili. Ilikuwa hivyo. Sasa hivi watu wa pea tisa wanakuomba kitu ndani ya saa hiyohiyo. Mume wako anaona soksi zinakula muda wako na mimi naona ahadi ndo zinakula, soksi zilikaa na wewe vizuri mwaka na zaidi huku unakimbia mara tatu kwa wiki na hakuna kilichokufa.

Kwa hiyo listi lazima ivunjwe na itavunjwa na wewe, sio na muda. Najua kusema hapana huwezi, basi usiseme hapana, andika meseji moja utume kwa wote siku moja, kama hivi: "Jamani, zile soksi nilizowaahidi nimelazimika kusimama, mkono umepata shida na nimeambiwa niupumzishe. Uzi wenu upo salama, anayetaka nimrudishie kesho naleta. Anayetaka kusubiri asubiri bila tarehe, nikiwa tayari nitamtafuta mwenyewe." Basi. Usiongeze samahani tano. Na usimwache mkuu wa kitengo nje ya meseji kwa sababu ni mkubwa, yeye ndo umtumie wa kwanza, akikubali yeye wengine hawana neno. Ukitaka sana kumpa kitu yule mtoto mchanga, soksi za kichanga ni stichi chache, jioni chache tu zimeisha, hizo unaweza kuzifanya baadaye kwa moyo wako. Za mkewe zisubiri.

Kuna watakaorudishiwa uzi na watanuna siku mbili. Wanune.

Mazoezi. Daktari amekwambia utembee, hajasema pushapu, na wewe umeenda kuchagua kile kinachoumiza mkono. Achana na pushapu na planki za viganja kabisa mpaka mkono upone, ukikosa raha kabisa piga planki ya viwiko au sukuma ukuta ukiwa umekunja ngumi. Miguu ndo itumike. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule wa kutembea haraka mpaka unaweza kuongea ila huwezi kuimba, au nusu ya hizo kama unakimbia, na siku mbili za mazoezi ya kujenga misuli. Dakika 150 ukizigawa kwa siku saba ni dakika 22 hivi. Na jambo ambalo wengi halijawafikia, zamani walisema lazima ziwe dakika kumi mfululizo ndo zihesabiwe, mwongozo wa 2020 uliliondoa hilo, dakika nne za ngazi zinahesabiwa, dakika saba za kutoka kituoni mpaka ofisini zinahesabiwa. Kwa mtu wa kufunga hesabu kila mwezi hii ni habari njema sana.

Ila sitaki utegemee vipande tu. Rafiki yako mpigie leo. Mwambie ukweli, ulikuwa unalala saa sita usiku ndo maana huamki, na umwombe siku mbili tu kwa wiki badala ya tatu, na mwezi wa kwanza mtembee haraka msikimbie, miezi mitano ni mingi na presha ndo hiyo imeanza kupanda. Alfajiri ndo saa yako, umeshaiishi, unaijua. Jioni haikufai na umeshajaribu ukaona, ukishakaa kitako na uzi hakuna mtu duniani anayesimama tena kwenda kukimbia, na wala sio uvivu, mwili umetulia tu. Kwa hiyo mazoezi yawe kabla ya kazi, soksi baada ya kazi, na kitu cha kulinda kwa nguvu zote ni saa ya kulala, saa nne na nusu sindano zipo kwenye mkoba, sio "raundi moja tu", kwa sababu alfajiri yako inaharibikia palepale.

Daktari akikuruhusu kurudi kufuma, fanya hivi, na hii mimi mwenyewe naifanya miaka mingi. Raundi ya stichi 64 kwa mkono wa kawaida ni kama dakika mbili. Raundi kumi ni dakika 20. Weka alama ya uzi wa rangi nyingine unapoanza, ukifika ya kumi weka chini, simama, fungua na ufunge viganja, nyoosha vidole, panda na kushuka ngazi za nyumba au kaa na kusimama kwenye kiti mara kumi na tano bila kushika, halafu urudi. Jioni ya seti mbili za raundi kumi inatosha sana. Soksi itakwambia yenyewe lini usimame, huhitaji alamu ya simu ambayo utaizima. Na legeza mkono, stichi zikiwa zimekaza mpaka sindano inalia unapoisukuma jua unabana mno, wengine wanapata nafuu wakihamia sindano za mbao au mianzi kwa kuwa hazitelezi sana na huna haja ya kuzikaba.

Halafu soksi usiichukulie kama kazi moja. Ile shingo ya soksi na wayo, raundi tupu za stichi ya kawaida tu, hizo macho hayahitajiki, ni za kwenye gari ukienda kazini kama huendeshi, za kusikiliza mtu anaongea, za siku umechoka kichwa. Kisigino ni kitu kingine, unafuma nusu ya stichi zote, yaani 32, kwenda na kurudi, unageuza kwa safu fupi zisizofika mwisho, unaokota stichi za pembeni, unapunguza kidogo kidogo mpaka zirudi 64, hapo ukikatishwa na meseji ya bosi umepotea na unafumua usiku kucha. Kisigino ni cha wikiendi asubuhi ukiwa na utulivu, baada ya kutembea. Nadhani yale masaa mawili yanayopotea usiku mengi ni visigino vilivyoanzwa saa nne usiku na mtu aliyechoka. Niambie kama nimekosea.

Zile siku tano sita za kufunga hesabu, usifume. Vidole vipo kwenye kibodi masaa kumi na mbili, vipe usiku wao. Siku hizo shika kutembea tu, hata dakika kumi za mchana kuzunguka jengo, na kulala. Wala usijihesabie kwamba umeshindwa, hizo siku unazijua tarehe zake mwaka mzima, ziweke kando tangu mwanzo.

Kuna watu waliokuwa wanafuma wakitembea, wanawake wa visiwa vya Shetland kaskazini mwa Skotlandi walikuwa wanabeba mgongoni vikapu vya udongo mkavu wa kuwashia moto huku mikono inafuma njia nzima, na wachungaji wa Landes kule Ufaransa walifuma wakiwa wamesimama juu ya magongo marefu yaliyofungwa miguuni wakiangalia kondoo. Nakutajia kwa sababu najua utakuja kuniuliza kama unaweza kufuma ukitembea ili uokoe muda. Wale ilikuwa riziki yao, walikuwa hawana muda mwingine. Wewe ukitembea acha mikono ibembee, mabega yashuke, huo ndo muda pekee wa siku ambao mikono yako haitafanya chochote.

Mume wako mwombe kitu kimoja cha wazi, jioni mbili kwa wiki mtembee naye nusu saa kabla hujakaa. Ameona unachoka na hajui afanye nini zaidi ya kusema acha. Mpe cha kufanya.

Sasa kaka yako. Ule mguu wa kulia ndo uwe wa kwanza utakaoanza mkono ukiruhusiwa, kabla ya mtu yeyote wa ofisini, hata kama mkuu wa kitengo atakuwa anasubiri. Na usiuanze kwa kukisia, chukua ule wa kushoto sasa hivi ukiwa kwenye hizi wiki mbili za kupumzika, uvute uhesabu raundi za lastiki, raundi za shingo mpaka kisigino, safu za kisigino, raundi za wayo mpaka ulipoanza kupunguza vidoleni, andika kwenye karatasi na saizi ya sindano uliyotumia, weka ndani ya mkoba pamoja na uzi uliobaki. Pima na uzi kwenye mizani ya jikoni, soksi ya kushoto ikiwa na gramu 45 na uzi uliobaki ni gramu 50 una amani, ikiwa pungufu utajua mapema ufanye vidole kwa rangi nyingine. Pea zinazofuata, jifunze kufuma miguu yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja ya duara yenye waya mrefu, sentimita 100 inatosha, unaenda raundi ya kushoto halafu ya kulia mpaka zinaisha siku moja. Inachosha mwanzoni, nyuzi zinagombana, jioni ya tatu utaizoea.

Mpigie kaka leo jioni umwambie zawadi yake ipo, mguu mmoja umekamilika na wa pili unasubiri mkono wako upone. Ukitoka kwa daktari niandikie amesemaje kuhusu ile ganzi.